SOMO: Mrija wa neva unavyofungwa, siku ya 18 hadi ya 28

Kwa wanafunzi wa uuguzi na ukunga, Kigoma. Mrija huu ndio unaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Kwanza wekeni hesabu sawa. Embriolojia huhesabu tangu yai kurutubishwa. Kadi ya kliniki huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Tofauti ni wiki 2 hivi, kwa hiyo siku ya 28 ya kitabu ni wiki ya 6 ya kadi.

Hatua ya 1. Wiki ya 3 kiinitete ni kisahani cha tabaka 3. Chini ya tabaka la juu, ektodemu, hujengeka ufito uitwao notokodi. Ufito huo na tishu jirani hutoa nogini na kodini, protini zinazozuia protini nyingine ziitwazo BMP. Hapa ndipo pananoga: majaribio ya vyura yalionyesha kuwa ektodemu ikikosa BMP huelekea kuwa neva yenyewe. BMP ndiyo inayoiamuru iwe ngozi.

Hatua ya 2. Karibu siku ya 18 ektodemu iliyo juu ya notokodi hunenepa na kuwa bamba la neva, pana upande wa kichwa. Kati hudidimia, kingo mbili huinuka.

Hatua ya 3. Siku ya 22 hivi kingo hugusana. Msichore zikifungwa kutoka kichwani kwenda mkiani! Hukutana kwanza usawa wa shingo, karibu na somaiti (vipande vya tishu vilivyojipanga kando ya mrija) ya 4 na 5, ndipo zifunge kwenda pande zote mbili. Chukua chapati, inua kingo zikutane katikati, ncha mbili ziache wazi: hiyo ni siku ya 23. Tundu la mbele (kichwani) huziba siku ya 25 hivi, la nyuma (mkiani) siku ya 27 au 28.

La mbele lisipoziba, mtoto hukosa sehemu kubwa ya ubongo na fuvu, naye haishi. La nyuma lisipoziba ni mgongo wazi, mara nyingi kiunoni: miguu hulegea, mkojo na haja havizuiliki.

Hatua ya 4. Seli za ukingoni hubanduka na kusafiri. Hutoa mafundo ya neva za hisia, seli za rangi ya ngozi na neva za utumbo. Zisipofika mwisho wa utumbo mpana, kichanga huchelewa kutoa choo cha kwanza hata kupita saa 48. Huo ni ugonjwa wa Hirschsprung.

Kichwani mrija hutuna vifuko 3 vya ubongo, wiki ya 5 vinakuwa 5. Majina yakaririni tu.

MASWALI (kila muulizaji ametajwa kwa mahali anakotoka)

Kasulu: Shikamoo mwalimu. Mama akianza kliniki wiki ya 10, foliki asidi itazuia mgongo wazi?

Marahaba. Hapana, mrija umeshafungwa. Mpe kwa ajili ya damu. Kinga ni mikrogramu 400 kila siku, tangu angalau mwezi 1 kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Anayekuja kutoa kijiti cha uzazi wa mpango kwa sababu anataka mtoto, huyo ndiye wa kuanzishiwa vidonge.

Uvinza: Si unga umeshaongezwa virutubishi?

Wa viwanda vikubwa, ndiyo. Kanuni zipo tangu 2011. Ugali wa muhogo na mahindi ya mashine ya kijijini haumo. Maharage na mboga za majani zina foleti, yaani foliki asidi ya asili ya chakula, ila ukimwaga maji ya kuchemshia umeimwaga nayo.

Ujiji: Basi tumpe kila mjamzito miligramu 5 tuwe salama?

La. SP, dawa ya kuwakinga wajawazito na malaria, huua vimelea kwa kuvizuia kutengeneza foleti, na miligramu 5 kwa siku huipunguzia nguvu. Dozi hiyo ni ya aliyewahi kupata mimba yenye tatizo hili, tena ianze kabla ya mimba. Mwenye kifafa anayetumia valproeti yumo hatarini zaidi: daktari ambadilishie dawa kabla hajashika mimba, asiache mwenyewe.