Amplifaya Salama kwa Quad ESL: Hesabu Volti

Kinachoua Quad ESL, ile spika ya Uingereza ya umemetuli (electrostatic) iliyotoka mwaka 1957, ni volti. Kikomo chake ni volti 33 za kilele, yaani ncha ya juu kabisa ya wimbi. Zikizidi, cheche huruka ndani ya paneli ya sauti za juu na kutoboa utando mwembamba unaotoa sauti, na paneli iliyotoboka lazima ifumuliwe ijengwe upya.

Wati zilizoandikwa kwenye amplifaya ni mwanzo tu wa hesabu. Zizidishe kwa 2, kisha kwa omu zilizopimiwa, halafu tafuta kipeuo cha pili. Wati 45 kwenye omu 8 ni takriban volti 27 za kilele: sawa. Wati 100 ni volti 40: achana nayo. Hata hivyo acha nafasi, maana kwenye besi ukinzani wa ESL hupanda kupita omu 30, amplifaya inakuwa kama haina mzigo, na volti zake hupanda kuliko hesabu inavyosema.

Kwa amplifaya ya transista, njia ya uhakika ni fundi kupima umeme wa DC (umeme mnyoofu) unaolisha hatua ya mwisho ya amplifaya, muziki ukiwa kimya. Ukiwa volti ±30 au pungufu, 33 haifikiki hata ukifungulia sauti yote. Kipimo hiki hakifai kwa amplifaya za valvu, kwa sababu transfoma ya kutolea sauti hubadili volti. Ila Quad II, amplifaya ya valvu ya kampuni hiyohiyo yenye wati 15, ni salama kabisa. Usiunganishe kamwe chaneli mbili kuendesha spika moja, kwani kilele huongezeka maradufu.

Tatizo la pili liko kwenye sauti za juu. Karibu na kilohezi 18 ukinzani hushuka chini ya omu 2, na mzigo una tabia ya kapasita. Amplifaya isiyotulia huanza kutetema, yaani kuzalisha mawimbi ya umeme yenyewe: inachemka bila muziki, au inakata fyuzi. Rezista ya omu 1, wati 10, kwenye waya wa kila spika husaidia, ingawa hupunguza kidogo mng'ao wa sauti za juu.

Kabla ya kuunganisha, pima DC kwenye vituo vya spika. Ikizidi milivolti 50, amplifaya itengenezwe kwanza, kwa sababu transfoma ya spika ina ukinzani mdogo sana kwa DC.

Diodi za kukata vilele zinafaa kama kinga ya ziada, lakini zikifanya kazi amplifaya huona shoti. Isiyo na ulinzi wa shoti inaweza kuungua yenyewe.