Kulinda Wi-Fi ya nyumbani bila kuwatesa wenye nyumba

Mwongozo huu ni wa mtu anayekaa fleti, iwe Umoja, Roysambu au South B, mwenye kisanduku cha faiba alichofungiwa na kampuni ya intaneti na pengine ruta yake ya ziada kutoka maduka ya Luthuli, Nairobi. Tumia kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa waya. Ukibadilisha nenosiri ukiwa kwenye Wi-Fi yenyewe, utafungiwa nje kazi ikiwa nusu.

1. Ingia kwenye ruta

Anwani ya kuandika kwenye kivinjari iko kwenye kibandiko chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Badilisha kwanza nenosiri la msimamizi, ambalo si lile la Wi-Fi. Liandike kwenye karatasi ulibandike ndani ya mlango wa kabati. Anayekuibia intaneti yuko nyumba ya pili, hafungui kabati lako.

Usidunge kile kitobo cha "Reset" kwenye kisanduku cha kampuni. Vingi hupoteza mipangilio ya faiba, na utakaa bila intaneti hadi fundi wao aje.

2. Zima Wi-Fi ya kisanduku cha kampuni

Hii ni kwa wenye ruta ya pili tu. Wengi huilinda ruta mpya vizuri, huku kisanduku cha zamani kikiendelea kurusha mtandao wake kwa nenosiri la kibandiko, ambalo keateka na nusu ya ghorofa wanalijua.

3. Nenosiri

Usitumie namba ya simu. Namba za simu za mkononi hapa Kenya huanza na 07 au 01, kwa hiyo zinabaki tarakimu 8 za kubahatisha, yaani michanganyiko milioni 200. Anayenasa salamu ambazo simu yako hupeana na ruta inapojiunga anaweza kwenda kubahatisha kwake nyumbani bila wewe kujua, na kadi nzuri ya michoro (GPU) ya kompyuta hujaribu laki kadhaa kwa sekunde. Haimalizi hata nusu saa.

Chagua maneno matano yasiyohusiana, herufi ndogo tupu, bila nafasi: kwa mfano sufuriakinyozimvuajengopapai (lako liwe tofauti na hili). WPA2, aina ya ulinzi wa Wi-Fi, hukubali herufi 8 hadi 63, na urefu ndio unaomchosha mbahatishaji. Alama za @ na # huwachosha zaidi watu wako, hasa anayeandika kwa rimoti ya TV.

4. Aina ya ulinzi

Weka WPA2/WPA3 mchanganyiko. Printa au TV ya zamani ikigoma kuunganika, rudi WPA2 ya AES (AES na TKIP ni njia za kusimba data). TKIP usiiguse: ni dhaifu, na inaweza kukushusha hadi Mbps 54. Zima WPS, ile njia ya kuunganisha vifaa kwa kitufe au PIN. PIN yake ya tarakimu 8 hukaguliwa nusu kwa nusu, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu, kwa hiyo majaribio 11,000 yanatosha. Udhaifu huu umejulikana tangu 2011.

5. Mtandao wa wageni

Hapa ndipo saa zako zitakapoishia. Washa "Guest Network", mtandao uliotengwa na ule mkuu, na uipe jina na nenosiri lake. Kwenye mtandao mkuu ziingie simu za wenye nyumba, kompyuta, printa na TV. Ukiipeleka TV kwa wageni, simu yako haitaiona unapotaka kurusha video. Kamera za CCTV na soketi za Wi-Fi zikae kwa wageni, maana huzungumza na simu yako kupitia intaneti. Isipokuwa kamera zinazorekodi kwenye mashine iliyomo nyumbani: hizo na mashine yake lazima wawe mtandao mmoja.

Wi-Fi hutumia bendi mbili, 2.4 GHz na 5 GHz, na kamera nyingi za bei nafuu hazijui 5 GHz. Simu yako ikiwa 5 GHz, programu ya kamera inaweza kuzunguka weee kisha iseme imeshindwa, nawe udhani kamera ni mbovu. Washa mtandao wa wageni kwenye 2.4 GHz peke yake, uunganishe simu hapo, ndipo usajili kamera. Ikigoma bado, angalia kama ruta inazuia wageni wasionane. Ondoa kizuizi hicho kwa dakika chache, sajili, kisha ukirudishe.

Mgeni wa WhatsApp hatalalamika kuhusu 2.4 GHz. Ila kwenye fleti bendi hiyo imejaa, kwa hiyo chagua chaneli 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache.

Kero moja inabaki: ukibadilisha nenosiri la wageni, kamera zote zitaanguka. Baadhi ya ruta mpya zina mtandao wa tatu wa vifaa kama hivyo. Ukiwa nao, hamishia kamera huko.

Mtego mkubwa zaidi ni ruta ya pili iliyowekwa "Access Point", yaani inarusha Wi-Fi tu. Katika hali hiyo, kwenye ruta nyingi mtandao wa wageni hubaki jina tu, kwa sababu kazi ya kugawa mitandao iko kwa kisanduku cha kampuni. Iweke "Router", waya kutoka kisanduku cha kampuni uingie tundu la WAN, lile la kupokea intaneti. Kama vyote viwili vinatumia 192.168.1.1, ipe yako 192.168.50.1, la sivyo vitagongana.

Sasa jaribu. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya wageni, fungua ukurasa wa ruta yako, kisha jaribu printa. Vyote vikatae. Ukurasa wa kisanduku cha kampuni huenda bado ukafunguka, ndiyo maana nacho kinahitaji nenosiri jipya la msimamizi.

6. Msimbo wa QR

Android 10 na kuendelea huonyesha msimbo wa mtandao ukibonyeza "Share" kwenye mipangilio ya Wi-Fi. Chapisha wa wageni uubandike sebuleni. Kamera ya iPhone pia huusoma. Waambie watoto wasioneshe ule wa mtandao mkuu, kwa sababu simu nyingi huandika nenosiri lenyewe chini yake.

7. Ya kuacha

Kuficha jina la mtandao hakusaidii: simu zako zitakuwa zikiliita kwa sauti kila ziendako. Kuchuja anwani za MAC, yaani namba za utambulisho wa vifaa, nako ni kazi bure, maana anwani hizo huigwa kwa urahisi, na simu za siku hizi hubuni anwani mpya kwa kila mtandao.

8. Masasisho

Zima usimamizi wa mbali kwenye ruta yako, kisha sasisha programu yake. Mvua ikinyesha, au stima ikiwa inaenda na kurudi, ahirisha hadi kesho. Sasisho likikatika katikati, ruta inaweza isiwake tena.