Ukitafuta mafuta chini ya bahari, anza na mwambatope

Wanafunzi wa jiolojia hapa Mbeya wakifungua picha ya mitetemo ya baharini, yaani picha ya miamba iliyo chini ya bahari inayochorwa kwa mwangwi wa mawimbi, macho hukimbilia mwambamchanga wenye mafuta. Mimi nawaambia waanze na kifuniko chake, mwambatope (shale), yaani tope la kale lililogandamana kuwa mwamba.

Hatua ya 1: Ushike mkononi. Omba ruhusa, upate kipande cha mwambatope kutoka kwenye tabaka za makaa ya Kiwira. Kitazame ubavuni kwa lenzi: kimepangana kama kurasa za daftari. Ingiza ncha ya kisu katikati ya tabaka, kinabanduka chenyewe. Ukitaka kukivunja kwa kuzikata tabaka, utahitaji nyundo. Chembe zake ni bapa na zimelala, ndiyo maana mawimbi ya mitetemo hukimbia zaidi yakifuata tabaka kuliko yakizikata. Huu wa Kiwira ni wa kale na mgumu. Baharini utakutana na wa umri mdogo zaidi, ulio laini.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mwangwi. Zidisha kasi ya mawimbi (mita kwa sekunde) kwa densiti (gramu kwa sentimita ya ujazo) upate ukinzani wa kila mwamba. Toa wa juu kutoka wa chini, gawanya kwa jumla yao. Tuchukue namba za mfano. Mwambatope: 2,700 × 2.4 = 6,480. Mwambamchanga wenye mafuta chini yake: 2,800 × 2.2 = 6,160. Jibu, yaani nguvu ya mwangwi, ni −0.025. Sasa lainisha mwambatope peke yake: 2,500 × 2.35 = 5,875. Jibu linakuwa +0.024! Mafuta ni yaleyale, mwamba wake ni uleule, lakini alama imegeuka. Rudia hesabu hii mwenyewe kwa kalamu, usiiruke.

Hatua ya 3: Sahihisha kina. Tumia vigezo alivyovitoa mwanajiofizikia Leon Thomsen mwaka 1986, vikiwemo epsilon na delta, vinavyoonyesha kasi inavyobadilika kufuata mwelekeo wa wimbi. Delta ya mwambatope ikiwa 0.1, kasi unayoipata kwenye mitetemo huizidi ile ya wima kwa karibu asilimia 9.5. Tabaka lenye unene wa mita 2,000 litasomeka 2,190, na mchimbaji atakuta kisimani kwamba tabaka linaisha mita 190 mapema.

Hatua ya 4: Linganisha vipokezi (vifaa vinavyonasa mwangwi) vya karibu na vya mbali. Mwangwi ukibadilika kadiri umbali unavyoongezeka, usitangaze mafuta bado. Mpangilio wa chembe za mwambatope nao huubadilisha. Weka kwanza epsilon na delta kwenye modeli, na kasi ya wima uichukue kwenye vipimo vya kisima kilicho jirani.