EarthBound: namna ya kutoka Onett na kumkomboa Paula

Gemu hili halina mapanga wala ngome. Shujaa ni Ness, mtoto mwenye kofia na fimbo ya besiboli, na maadui wake wa mwanzo ni mbwa waliotoroka kwao, kunguru wenye roho mbaya na vijana wa mtaani. Lilitoka Japani mwaka 1994 kwa jina la Mother 2, likafika Marekani 1995 kwenye Super Nintendo. Mtunzi wake, Shigesato Itoi, alikuwa mwandishi wa matangazo ya biashara, na nchi ya Ness ni Marekani kwa jicho la Mjapani mtani. Matangazo ya huko Marekani yaliwaambia watu kwamba gemu linanuka, tena yakatoa karatasi za kukwaruza na kunusa. Wanunuzi hawakuwa wengi, ila waliolipenda hawajanyamaza hadi leo. Tangu Februari 2022 limo kwenye Nintendo Switch Online, kwa hiyo usihangaike kusaka kaseti ya zamani.

Wanaoliacha, wengi huliachia mwanzoni, kabla Ness hajatoka Onett, mji wa kwao, na kumkomboa Paula, msichana aliyetekwa ambaye ndiye mwenzake wa kwanza. Hapo ndipo nitakapokaa zaidi. Kumbuka jambo moja: kanuni zake zimejificha ndani ya utani. Ukiuruka utani, utakwama.

Hatua ya 1: Ipigie simu familia yako

Hakuna menyu ya kusevu. Unakwenda kwenye simu, unampigia baba, yeye ndiye anayehifadhi safari yako. Baba huyo humuoni hata siku moja, lakini kila ukishinda mapigano anakuwekea hela benki. Unazitoa kwenye ATM. Toa za matumizi tu, kwa sababu ukipigwa hadi mwisho unapoteza nusu ya fedha ulizoshika mkononi. Zilizoko benki haziguswi.

Mama naye ana kazi. Ness akikaa mbali na nyumbani huanza kuwakumbuka wa kwao, na katikati ya vita atasimama anamuwaza mama badala ya kupiga. Usinunue dawa, haipo. Mpigie mama, yataisha.

Hatua ya 2: Jiimarishe karibu na nyumbani

Ukirudi kwenu, mama anakupikia chakula ulichokitaja mwanzoni mwa gemu na unalala bure. Kwa hiyo piga kunguru na nyoka wa Onett, rudi ule, toka tena. Ukimvamia adui kwa nyuma, skrini inazunguka rangi ya kijani na wewe unaanza. Yeye akikushika kwa nyuma ni nyekundu, jiandae. Ukishamzidi sana nguvu, gemu linakupa ushindi hapo hapo bila pambano.

Kisha jifunze mita ya uhai. Ukipigwa, namba haishuki mara moja. Inajiviringisha taratibu kama tarakimu za pampu ya petroli ya zamani. Hata pigo la kuua halijakuua mpaka mita ifike sifuri. Usisome maandishi kwa starehe wakati huo: bonyeza haraka, jitibu kwa Lifeup (tiba ya PSI, yaani nguvu za akili) au ummalize adui, mita itasimama pale ilipofika. Kwa maoni yangu huu ndio ubunifu bora kuliko wote katika gemu hili.

Hatua ya 3: Frank, kisha Giant Step

Genge la Sharks linashinda kwenye jumba la michezo ya video. Mkubwa wao, Frank, yuko nyuma ya jengo. Ukimpiga analeta mashine yake, Frankystein Mark II. Nenda ukiwa kama leveli ya 6, na chakula mkobani. Baada ya hapo meya Pirkle atakupa ufunguo wa kibanda kinachofungua njia ya pango la Giant Step. Huko pangoni kuna siafu mkubwa, Titanic Ant, anayekunyonya nguvu za PSI, basi usitegemee tiba za PSI peke yake. Ukitoka, polisi nao watataka kukupiga. Ndiyo, polisi. Wapige.

Hatua ya 4: Mkoba

Kila mhusika anabeba vitu 14 tu, na vitu vya lazima vinahesabiwa humo humo. Mdogo wako Tracy anafanya kazi Escargo Express, kampuni ya kutunza mizigo: mpigie, watakuja kuchukua hadi vitu vitatu kwa dola 18. Ni ghali mwanzoni, lakini ni nafuu kuliko kutupa.

Hatua ya 5: Twoson na kumkomboa Paula

Twoson, mji unaofuata, kuna wavumbuzi wawili. Orange Kid ni msafi na anasifiwa na kila mtu. Atakula dola 200 zako bure. Apple Kid ni mchafu, ana njaa. Mpe chakula, kisha mpe dola 200. Yeye ndiye atakayetengeneza kifutio cha kuondoa sanamu ya penseli ya chuma inayoziba njia ya bonde la Peaceful Rest Valley.

Ng'ambo ya bonde ni kijiji ambacho wafuasi wa Carpainter, kiongozi wa dhehebu, wamekipaka buluu chote, hata ng'ombe. Mtafute kwanza Paula kwenye kibanda alikofungiwa, akupe beji iitwayo Franklin Badge. Hakikisha Ness ndiye aliyeishika: radi za Carpainter zitamrudia mwenyewe. Ukishinda unapata ufunguo wa kumfungulia Paula.

Paula anaanza leveli ya 1 na anazimia kwa kofi moja. Msikimbilie mbele, pigeni maadui dhaifu wa bondeni mpaka apate PSI Fire, inayochoma mstari mzima. Mkirudi Twoson, pokea fungu la hela kutoka kwa Everdred, mwizi wa huko, ukalipe deni la bendi ya Runaway Five ukumbini Chaos Theater. Wanamuziki hao ndio watakaowapakia kwenye basi lao kwenda Threed, mji wa tatu, maana mizimu ya kwenye handaki haivumilii muziki wao.