Neno Unalijua, Sentensi Haieleweki: Kusoma Kiingereza cha Zamani

Neno geni halina shida. Utalitafuta kwenye kamusi. Linaloponza ni lile unalodhani unalijua. Katika Romeo and Juliet, tamthilia ya Shakespeare, Juliet anaposema "wherefore", wengi hudhani anauliza Romeo yuko wapi. Anauliza kwa nini awe Romeo, mtoto wa ukoo hasimu. Katika Hamlet, tamthilia yake nyingine, "lets" imetumika kwa maana ya kuzuia, kinyume kabisa cha kuruhusu.

Kwa hiyo sentensi ikigoma, kagua kwanza maneno mepesi. Angalia mwaka kitabu kilipotoka mara ya kwanza, si mwaka wa toleo ulilonalo, kisha fungua kamusi ya kihistoria kama Oxford English Dictionary: kila maana ina mifano yenye miaka. Chagua maana iliyokuwa hai wakati huo, irudishe kwenye sentensi, usome tena. Kamusi ndogo za wanafunzi hazikufai hapa, kwani nyingi huacha maana zilizokufa.

Riwaya za karne ya 19 ndizo za kuogopa zaidi. Kiingereza chake kinafanana na cha leo, hivyo mtego hauonekani: "make love", ambayo leo ni kufanya mapenzi, kwa mwandishi Jane Austen ni kumtongoza mtu kwa maneno tu.