SOMO: Umepata barua ya juri Marekani? Usiitupe, soma hapa kwanza

Habari zenu wapendwa. Wiki hii watu watatu wamenipigia simu kuhusu jambo hilohilo, kila mmoja ameshika barua ya mahakama na anatetemeka akidhani ameshtakiwa, nikaona bora niandike mara moja wote tusome. Ni kwa sisi tunaoishi Marekani, wenye uraia na ambao bado hatujaupata, maana barua hizi zinawafikia wote.

Kwanza tuelewane. Nyumbani Tanzania tumezoea wazee wa baraza, wanakaa na jaji, wanasikiliza, wanatoa maoni ila jaji halazimiki kuyafuata. Kenya walikuwa nao pia wakawaondoa 2007. Juri ya huku ni nzito kuliko hiyo. Watu wa kawaida kabisa, dereva, nesi, mstaafu, ndio wanaoamua mshtakiwa ana hatia au hana, na wakisema hana basi imeisha, jaji hawezi kugeuza na serikali haiwezi kukata rufaa. Ndo maana nawaambia hii kitu tusiichukulie poa.

HATUA YA 1: Fungua bahasha siku hiyohiyo
Hujashtakiwa. Jina lako limechaguliwa tu kwa bahati nasibu kutoka orodha ya wapiga kura au ya leseni za udereva. Ndani kuna fomu ya maswali, ijaze na uirudishe (siku hizi sehemu nyingi unajaza mtandaoni). Mimi barua yangu ya kwanza niliiweka juu ya friji nikasema nitaisoma wikendi, ikaja ya pili ina maneno makali kwamba nieleze kwa nini sikufika. Mahakama za shirikisho (za serikali kuu ya Marekani, si za jimbo) zinaweza kukupiga faini hadi dola 1,000, kifungo hadi siku 3, au kazi za jamii. Majimbo nayo yana adhabu zao.

HATUA YA 2: Swali la uraia, jibu ukweli mtupu
Hapa naomba msome taratibu, hata mara mbili. Kukaa kwenye juri ya shirikisho lazima uwe raia wa Marekani, umri kuanzia miaka 18, umeishi eneo la mahakama hiyo mwaka mmoja, unajua Kiingereza cha kutosha, na hujahukumiwa kwa kosa kubwa la jinai (isipokuwa haki zako za kiraia zimerudishwa). Sasa orodha za leseni zina watu wengi wenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), kwa hiyo barua inakuja hata kama wewe si raia. USIWEKE TIKI KWAMBA NI RAIA. Usiseme "nitaonekana mkorofi nikikataa". Kudai uraia usio nao ni kosa ambalo linaweza kukufukuzisha nchini, na msamaha wake ni mgumu mno kupatikana. Wewe andika si raia, rudisha fomu, hiyo haikuharibii faili lako kabisa. Na kama ulishakosea ukaweka tiki vibaya, usijibu chochote zaidi mpaka uongee na wakili wa uhamiaji.

HATUA YA 3: Tarehe haikufai? Omba mapema
Mtihani, mgonjwa, mtoto anayenyonya, safari iliyolipiwa, waandikie waahirishe, mara nyingi wanakubali. Ukiwa na miaka zaidi ya 70 mahakama nyingi za shirikisho zinakuachia ukiomba.

HATUA YA 4: Jioni ya kuamkia siku yenyewe
Una namba ya kundi kwenye barua. Piga simu au angalia tovuti yao jioni, kesi nyingi zinamalizika kwa makubaliano kabla ya kusikilizwa na unaweza kuambiwa usije. Ukienda, beba kitabu na sweta, utakaa sana.

HATUA YA 5: Kuhojiwa
Mnaingizwa ukumbini, jaji na mawakili wanauliza maswali. Umewahi kuibiwa? Una ndugu polisi? Unaamini polisi hawezi kusema uongo? Jibu kama ulivyo. Wakili anaweza kukuondoa kwa sababu anayoieleza jaji, au bila kutoa sababu kwa idadi maalum ya watu, ila tangu hukumu ya Batson dhidi ya Kentucky mwaka 1986 hairuhusiwi kumuondoa mtu kwa ajili ya rangi yake. Ukiondolewa usijisikie vibaya, si kwamba umefeli.

HATUA YA 6: Kusikiliza, halafu chumbani
Ukishaapa, kesi hiyo huiongelei na mtu, hata mwenzio wa nyumbani. Hutafuti jina la mshtakiwa Google, hupiti mtaa wa tukio kwenda kujionea, huposti. Mmoja wenu akichokonoa mtandaoni kesi nzima inaweza kuvunjwa ianze upya.

Jambo la kubeba kichwani ni kwamba mshtakiwa hana kazi ya kuthibitisha kitu. Anaweza kukaa kimya mwanzo mpaka mwisho na hiyo haihesabiwi dhidi yake. Serikali ndo ithibitishe bila kuacha shaka yoyote ya msingi. Kesi niliyokaa mimi kwenye juri ilikuwa ya wizi wa gari, shahidi alisema alimuona mtu usiku akiwa ng'ambo ya barabara. Chumbani tulianza 10 wanasema ana hatia, 2 tunasita. Mama mmoja mtulivu ambaye hakuwa ameongea akasema, naomba tuangalie tena ile picha ya taa ya mtaani. Tukaomba, ikaletwa, tukaona taa iko nyuma ya yule mtu, kwa hiyo uso wake ulikuwa gizani. Chumba kilinyamaza. Tuliongea masaa mengine matatu, na mwisho wote 12 tukasema hana hatia. Nilitoka nikamuona mama yake koridoni ameshika ukuta, analia. Sitasahau.

Adhabu kwa kawaida si kazi yenu, ni ya jaji. Kazi yenu ni hatia ipo au haipo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo kaka, mimi nafanya kazi kiwandani bosi amesema nikienda juri nisirudi. Anaweza?
Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwa juri ya shirikisho hawezi, sheria inamkataza kukufukuza au hata kukutishia, na majimbo yana sheria zao za kukulinda. Mpe kopi ya barua, na hayo maneno yake yaandike na tarehe. Ila halazimiki na sheria ya shirikisho kukulipa mshahara wa siku hizo. Mahakama ya shirikisho inalipa dola 50 kwa siku pamoja na nauli, mahakama nyingi za majimbo zinalipa chini ya hapo, kwa hiyo jipange.

Swali: Nimepigiwa simu na mtu anasema ni afisa, eti sikwenda juri kuna waranti, nilipe kwa kadi za zawadi la sivyo nakamatwa leo.
Jibu: Dada yangu huyo ni tapeli, kata simu sasa hivi. Mahakama haidai hela kwa simu na haiombi namba ya soshal sekyuriti wala ya benki kwa simu. Tafuta namba ya karani wa mahakama mwenyewe, usitumie aliyokupa yeye. Waambie na wazee wetu, ndo wanaopigiwa sana.

Swali: Kiingereza changu cha kuungaunga, sheria wataongea maneno mazito. Nitaruhusiwa mkalimani?
Jibu: Shirikisho hapana, andika kwenye fomu kwamba lugha ni shida na umueleze jaji. Jimbo la New Mexico ndo linaruhusu juri kuwa na mkalimani. Ila mama usijidharau, kama unaelewa daktari na mwalimu wa mtoto, lafudhi si kikwazo, na neno usiloelewa unamuandikia jaji anafafanua.

Swali: Mimi ni mlokole, Biblia inasema msihukumu. Naweza kukataa?
Jibu: Usikatae kwenda. Nenda, ukiulizwa mwambie jaji wazi kwamba imani yako haikuruhusu, majaji wengi wanakuelewa. Na kwa ndugu zetu wenye shida na kiapo, unaweza kuthibitisha tu bila kuapa kwa kitabu.

Swali: Mkuu, je mkibaki 11 kwa 1 na huyo mmoja ni mimi? Watanikasirikia.
Jibu: Watakasirika, ndiyo, hasa ikifika saa kumi jioni watu wanataka kwenda kwao. Tangu 2020 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilishaamua kwamba kwa makosa makubwa ya jinai, kumtia mtu hatiani lazima wote mkubaliane, hata kwenye majimbo. Kwa hiyo kura yako ni kura kweli. Wasikilize, rudia ushahidi nao, ukiona ulikosea badilika. Ila kama sababu pekee ya kubadilika ni uchovu wa wenzio, usibadilike. Mkishindwa kabisa jaji anaivunja juri na serikali itaamua kama inaanza upya.