Newborn maana yake nini na unaitumiaje

Newborn ni kichanga, yaani mtoto aliyezaliwa juzijuzi tu, na kwa madaktari hesabu inaishia siku 28, akishavuka hapo kwao ni infant mpaka atimize mwaka. Andika kwa pamoja, usiikate. Ukiiweka mbele ya jina inakuwa sifa, mfano a newborn calf ni ndama aliyezaliwa sasa hivi hata kusimama bado anayumba, ikikaa peke yake ndo mtoto mwenyewe, wakiwa wengi newborns. Kosa ninalosikia sana ni "he was newborn yesterday", hapana, hapo ni born tu. Na kwenye mitumba ukiona lebo ya NB ndo hiyohiyo, ila usibebe nyingi jamani, wiki chache tu mguu hauingii.